Barua ya wazi kwa wasimamizi wa huduma za saratani: mgonjwa wa sarkoma akilalamika kichwa, ubongo utazamwe

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Hospitali ya Rufaa,
na kwa Kamati inayosimamia matibabu ya saratani katika kanda yetu.

YAH: SARATANI YA TISHU LAINI KUFIKA KWENYE UBONGO PASIPO MTU KUUTAZAMA

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wajumbe,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Kwa mlionizidi umri, shikamooni.

Nawaandikia hadharani kwa sababu barua za faragha hazikujibiwa. Ya kwanza iligongwa mhuri wa masijala nikabaki na nakala. Ya pili niliambiwa "ipo mezani", na kila nilipoulizia ilikuwa bado ipo mezani. Nikaelekezwa kwenye sanduku la maoni lililo karibu na dirisha la dawa. Kufuli lake limeota kutu na karatasi zimejaa mpaka zinachungulia kwenye tundu la kutumbukizia, kwa hiyo sikuona sababu ya kuongeza yangu.

Jina la hospitali nimeliacha, na ya madaktari pia. Mnajijua. Sitaki mtu asimamishwe kazi, kwani wengi waliomhudumia mdogo wangu walifanya walichoweza kwa vifaa walivyopewa, na wapo wauguzi ambao familia yetu haitawasahau. Malalamiko yangu yanahusu utaratibu, na utaratibu ni kazi yenu ninyi mnaokaa kwenye bodi na kamati. Mdogo wangu mwenyewe ameisoma barua hii kabla haijatoka. Amefuta aya mbili alizoona zinamwaibisha, mengine ameruhusu.

Ana miaka 23. Anaugua sarkoma ya alveola, aina adimu ya saratani ya tishu laini. Ilianzia kwenye misuli ya paja la kulia, ikaenda mapafuni, ikapanda kwenye ubongo. Hilo la mwisho tulilijua siku alipoanguka uani akiwa anaanika nguo, mkono wa kushoto ukitetemeka, macho yamegeuka. Kabla ya siku hiyo alikuwa amelalamikia kichwa kwa wiki nyingi, tena mbele ya madaktari walioshika mkononi faili lenye majibu ya saratani yake.

Kwa kuwa baadhi yenu kwenye bodi ni wawakilishi wa wananchi na si waganga, niruhusuni nieleze kidogo. Tishu laini ni misuli, mafuta, mishipa ya damu, neva na nyuzi zinazoshikanisha viungo. Saratani zinazoanzia humo huitwa sarkoma. Ziko aina zaidi ya 50, na zote kwa pamoja ni kama asilimia 1 tu ya saratani za watu wazima. Saratani ya titi mara nyingi huanza kuenea kupitia matezi ya kwapani. Sarkoma nyingi hutumia damu. Damu itokayo pajani hurudi moyoni, moyo huisukuma mapafuni, na huko ndiko seli nyingi zilizotoroka hunasa na kuota. Ndiyo maana mapafu huwa kituo cha kwanza. Zikishaota mapafuni, nyingine huchomoka tena, zikaingia upande wa kushoto wa moyo, na kutoka hapo mwili mzima uko wazi kwao. Ubongo peke yake hupokea takriban asilimia 15 ya damu yote inayosukumwa na moyo.

Kwa sarkoma zote zikijumlishwa, wanaofikiwa kwenye ubongo ni wachache. Tafiti nyingi hutaja kati ya asilimia 1 na 8. Wastani huo ndio unaowapoteza wengi, kwa sababu aina hazifanani. Zipo ambazo ni nadra mno kugusa kichwa. Kuna angiosarkoma, inayoanzia kwenye kuta za mishipa ya damu, ambayo ikifika kichwani huweza kuvuja damu ghafla. Na kuna hii ya mdogo wangu, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na madaktari watatu wa Marekani mwaka 1952, ambayo tabia yake inajulikana tangu zamani: hupenda vijana, hasa wenye miaka 15 hadi 35, na chini ya miaka 30 wasichana ni wengi kuliko wavulana, huota pajani au makalioni, haiumi, hukua taratibu, na hukimbilia mapafu, mifupa na ubongo. Inaweza kuibuka kichwani miaka mingi baada ya jeraha la paja kupona. Mwongozo wa madaktari wa saratani wa Ulaya na ule wa Marekani vinaitaja kwa jina kati ya sarkoma chache ambazo mgonjwa wake anafaa kufikiriwa kipimo cha picha ya ubongo hata kama hana dalili yoyote. Wetu alikuwa nazo tele.

Zifuatazo ni hoja zangu.

1. Uvimbe ulikatwa kabla haujajulikana ni nini.

Ulikuwa mkubwa kuliko yai, uko ndani ya msuli, na unaongezeka. Hospitalini walisema ni mafuta, akaandikiwa upasuaji mdogo wa ganzi ya mahali. Hakupigwa hata ultrasaundi. Sarkoma ya alveola imejaa mishipa ya damu, na daktari alipokata kilichotoka hakikufanana na mafuta. Damu ilikuwa nyingi kiasi kwamba upasuaji ulisitishwa, akashonwa, sehemu ya uvimbe ikabaki ndani. Kanuni inayofundishwa duniani kote ni nyepesi: uvimbe unaozidi sentimita 5, au ulio ndani ya misuli, au unaoendelea kukua, upigwe picha na kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa, kwa sindano kabla ya kisu. Sidhani kama daktari yule hakuifahamu. Nadhani hakuna mahali pale kazini ilipobandikwa, na siku hiyo orodha ya wagonjwa ilikuwa ndefu.

2. Kinyama tulikibeba sisi, kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Hapa naomba mnisome taratibu, maana ni jambo dogo ambalo dawa yake ni ya bei ndogo. Kipande kilichokatwa kilitumbukizwa kwenye chupa ya plastiki ya nusu lita, ya aina inayouzwa stendi, lebo ikiwa bado imebandikwa. Kilipita mdomoni kwa kusukumwa kikiwa laini. Fomalini, kimiminika cha kuzuia nyama isioze, ilimiminwa kidogo, haikukifunika. Tukapewa chupa na karatasi, tukaambiwa tuipeleke maabara ya patholojia, ile inayopima vinyama, mjini. Nyama ikikaa kwenye fomalini hukauka na kuwa ngumu, kwa hiyo ilipofika haikuweza kutoka ilikoingilia. Mhudumu wa maabara aliipasua chupa kwa wembe, na alivyofanya kwa wepesi niliona kuwa ameizoea kazi hiyo. Akatuambia kimiminika kinatakiwa kuwa mara kumi ya ukubwa wa kinyama, na kwamba katikati ya kile chetu palikuwa pameanza kuoza. Majibu ya mwanzo yakaja na maneno "sampuli haitoshi". Ikabidi akatwe tena. Miezi ikapita hapo katikati. Kopo la mdomo mpana lina bei gani, Mheshimiwa Mwenyekiti?

3. Mapafu yalitibiwa kama TB.

Alipoanza kukohoa, picha ya kifua ilionyesha vinundu vya mviringo pande zote mbili. Makohozi yalipimwa, hayakuwa na vimelea. Akaanzishiwa dawa za TB hivyo hivyo. Naelewa kwa nini: TB kwetu ni nyingi na daktari huanzia kwenye kilicho kingi. Ila kwenye faili lile lile palikuwa na maelezo ya uvimbe wa paja uliovuja damu na ambao majibu yake yalikuwa yanasubiriwa, na aliyesoma picha ya kifua hakuliona faili, kwani fomu aliyopelekewa ilikuwa na neno moja tu: "kikohozi".

4. Kichwa.

Hii ndiyo hoja iliyonifanya niandike. Majibu ya pili ya kinyama yalikuwa yameshatoka. Saratani ilikuwa na jina. Kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, ilikuwa imeanza. Ndipo kichwa kikaanza kumuuma, tena kwa namna ambayo ukiieleza kwa mwanafunzi wa udaktari atashtuka: kinauma zaidi alfajiri akiamka, kinazidi akikohoa au akiinama, halafu anatapika ghafla bila kichefuchefu na baada ya kutapika anapata nafuu.

Walimpima malaria. Kipimo kikasoma hasi, akapewa dawa ya malaria. Baadaye ikawa taifodi. Baadaye kipandauso. Baadaye kapewa vidonge vya usingizi kwa maelezo kwamba msichana ana msongo wa mawazo, na kweli alikuwa nao, nani asingekuwa nao? Mkono wa kushoto ulipoanza kuangusha kikombe tuliambiwa ni kemo inaharibu neva. Kemo huweza kufanya hivyo, lakini neva zinazoharibiwa na dawa kwa kawaida huanzia vidoleni na nyayoni, pande zote mbili. Wake ulikuwa upande mmoja.

Hakuna aliyemmulika jicho. Nasema hivyo kwa sababu baadaye huko Dar es Salaam daktari kijana alichukua kifaa kidogo chenye taa, akainama, akachungulia ndani ya mboni, akasema neva ya jicho imevimba, shinikizo kichwani limepanda. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kuandika cheti cha malaria. Uvimbe huo hauonekani kwa kila mwenye tatizo kichwani, kwa hiyo jicho zuri halimtoi mtu hatarini. Lakini ukionekana, hakuna tena mjadala wa kipandauso.

Alipoanguka ndipo akapigwa CT skani, picha ya kompyuta ya ndani ya kichwa, bila ile dawa ya sindano ya kung'arisha picha, kwa fomu iliyoandikwa "maumivu ya kichwa, degedege". Nimeihifadhi fomu hiyo. Palipoandikwa "historia ya ugonjwa" pako tupu. Hakuna saratani, hakuna paja, hakuna mapafu. Picha ilionyesha eneo lililovimba upande wa kulia na ikasomwa kama kiharusi. Kiharusi, kwa mtu wa miaka 23 aliye kwenye kemo. MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, yenye dawa ya kung'arisha, iliyofanyika baadaye kwa fedha za ukoo, ilionyesha uvimbe tatu: mmoja mkubwa, na miwili midogo ambayo kwenye ile CT haikuonekana kabisa.

Nilimuuliza daktari mmoja wa kemo, kwa heshima, kama alikuwa anajua sarkoma hii hupanda kichwani. Akanijibu kwa ukweli ambao namshukuru mpaka leo: kwenye kliniki yake mgonjwa wa namna hii alikuwa hajawahi kumwona, na karatasi ya ufuatiliaji wanayoijaza kila mzunguko wa dawa ina sehemu ya kifua, ya ini, ya damu. Sehemu ya kichwa haina. Yaani hata angetaka kuandika, angeandikia pembezoni.

5. Faili lilipotea njia.

Kwa ufupi. Mtu wa mapokezi aliposoma "sarkoma" alilipeleka faili kwenye kliniki ya VVU, kwa kuwa sarkoma inayojulikana sana ukanda huu ni ya Kaposi, ambayo husababishwa na kirusi na huwashambulia zaidi wenye kinga dhaifu. Kupima VVU si tusi na mdogo wangu alipima bila shida. Lakini faili lilikaa huko mpaka mtu alipoona ni la kwingine, na wakati huo mama yetu alikuwa ameshasikia minong'ono kwenye benchi. Hizi ni saratani mbili zenye njia tofauti kabisa, na Kaposi kufika kwenye ubongo ni jambo la nadra mno.

6. Baada ya kujulikana, tuliambiwa twende nyumbani.

"Ikishapanda kichwani hakuna cha kufanya." Maneno hayo yalisemwa koridoni, mama akiwepo, mgonjwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu hatua chache tu kutoka hapo. Hakuandikiwa hata deksamethasoni ya kupunguza uvimbe kwenye ubongo, dawa ya miaka mingi, ya bei ya chini, iliyomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Aliipata Dar es Salaam. Haikupita siku mbili akakaa kitandani, akaomba uji na simu yake.

Uvimbe ule mkubwa umetolewa kwa upasuaji. Miwili midogo imepigwa mionzi. Mkono umerudi kiasi cha kuweza kufunga vifungo vya shati. Sisemi amepona. Mapafuni bado ipo, na tunajua ugonjwa huu ulivyo mvumilivu. Lakini aina hii hukua polepole na wapo wanaoishi nayo miaka, hata ikiwa imeshasambaa, ilimradi isiachwe imalize kazi yake kichwani.

Sasa najua majibu mtakayonipa, kwa kuwa mengi nimeshayasikia mlangoni pa ofisi zenu.

Mtasema ugonjwa ni adimu mno, daktari hawezi kukariri kila kitu. Ni kweli, na sitaki akariri aina 50. Namtaka ashike sentensi moja: mgonjwa mwenye saratani iliyothibitishwa, akipata maumivu mapya ya kichwa, kutapika kusikoeleweka, udhaifu wa upande mmoja, kubadilika kwa kuona au kwa tabia, au degedege, ubongo wake upigwe picha. Sentensi hiyo itawasaidia kwanza wagonjwa wa saratani ya mapafu, ya titi na ya ngozi aina ya melanoma, ambazo ndizo hupanda kwenye ubongo mara nyingi zaidi. Wa sarkoma watafaidika humo humo.

Mtasema mashine hazipo. Siombi MRI kila wilaya. Madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo wapo Muhimbili, kwenye Taasisi ya Mifupa. Mionzi ipo hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ipo Bugando, Mwanza. Kulenga mionzi mahali padogo kichwani si maajabu ya jana. Daktari wa Sweden Lars Leksell na wenzake walianza kutumia mashine ya namna hiyo Stockholm mwaka 1968. Kilichokosekana kwetu ni karatasi ya rufaa iliyojazwa vizuri na kwa wakati. CT ilikuwepo palepale hospitalini muda wote aliokuwa anapewa dawa ya malaria.

Mtasema bima hailipii. Bima yetu ilikataa MRI kwa sababu fomu haikutaja saratani. Ingeandikwa "mgonjwa wa sarkoma, anashukiwa kuenea kwenye ubongo", nina hakika mazungumzo yangekuwa mengine. Mtu wa bima hana namna ya kujua kisichoandikwa.

Mtasema ndugu walimchelewesha kwa waganga. Hili linaniudhi, maana husemwa kwa kila familia kama salamu. Mama alimpeleka kwenye maombi Jumapili, na vidonge mlivyompa viliingia kanisani ndani ya mkoba. Hakuna kliniki hata moja aliyoikosa. Tarehe zimo kwenye kadi yake, zimegongwa mihuri yenu.

Na mtasema, kama nilivyoambiwa na mkubwa mmoja kwa sauti ya upole, kwamba hata ingejulikana mapema matokeo yangekuwa yale yale. Hili nalijibu kwa kirefu kidogo kwa sababu ndilo linaloua. Kwanza, uvimbe ulio mmoja au miwili midogo hutibika kwa namna ambayo uvimbe mkubwa uliovimbisha nusu ya ubongo hautibiki, na mkono wa mdogo wangu ni ushahidi wa kilichopotea katikati. Pili, kemo aliyopewa, doksorubisini, haina nguvu kubwa kwa sarkoma ya alveola, na kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo huizuia kupenya vya kutosha. Kujua kwamba kichwa kimeguswa kungebadilisha mpango mzima. Badala yake alipoteza nywele na nguvu kwa dawa ambayo hapo juu ilikuwa haifiki. Tatu, huko nje utafiti haujalala: Desemba 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya kuamsha kinga ya mwili ipambane na saratani, iitwayo atezolizumab, kwa ajili ya sarkoma hii hii, baada ya jaribio la wagonjwa 49 ambapo karibu robo yao uvimbe ulisinyaa vya kutosha kuhesabiwa. Sijaiomba dawa hiyo kwenu, naijua bei yake. Naitaja ili mjue kwamba "hakuna cha kufanya" ni kauli ya miaka iliyopita. Nne, hata kama kweli pasingekuwa na tiba, msichana mzima wa akili ana haki ya kujua kilicho kichwani mwake kabla hajaanguka karibu na jiko la mkaa. Alianguka mita moja kutoka kwenye jiko, Mheshimiwa.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, na yote yako ndani ya uwezo wenu:

(a) Kila hospitali iliyo chini ya kanda ibandike, kwenye chumba cha upasuaji mdogo, kanuni ya uvimbe: unaozidi sentimita 5, ulio ndani ya misuli, au unaokua, usikatwe bila picha na kinyama cha sindano.

(b) Kinyama kisafirishwe na hospitali, kwenye kopo la mdomo mpana lenye fomalini ya kutosha, kiwe na namba, na mtu mmoja mwenye jina awajibike kufuatilia majibu. Ndugu asipewe chupa.

(c) Karatasi ya ufuatiliaji wa wagonjwa wa kemo iongezwe sehemu ya kichwa: maumivu, kutapika, macho, nguvu za mikono na miguu, degedege. Jibu la "ndiyo" lifungue rufaa ya picha ya ubongo ndani ya siku saba.

(d) Kwa wagonjwa wa sarkoma ya alveola na angiosarkoma, ubongo upigwe picha mara ugonjwa unapothibitishwa, bila kungoja dalili, na ikiwezekana iwe MRI yenye dawa ya kung'arisha. Ni wachache sana kwa mwaka, hawataimaliza bajeti.

(e) Fomu ya CT au MRI isiyo na historia ya saratani ya mgonjwa irudishwe kwa aliyeiandika kabla picha haijapigwa.

(f) Deksamethasoni na dawa za kuzuia degedege zisikosekane kwenye kliniki ya saratani, na anayepewa taarifa kwamba tiba imefika mwisho akabidhiwe kwa timu ya tiba shufaa, ile ya kupunguza maumivu na kufariji, siku hiyo hiyo, chumbani, mlango umefungwa.

(g) Faili la mdogo wangu lipitiwe na jopo, na familia ipewe majibu kwa maandishi. Yeye mwenyewe ameomba kuhudhuria.

Nasubiri majibu yenu ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kupokelewa kwa barua hii masijala. Nikialikwa kwenye kikao nitakuja, na nitakuja na fomu ile yenye historia tupu, kadi ya kliniki na picha zote mbili. Mkiona ni vema niongee na wahudumu wa mapokezi au na wanafunzi wenu wa udaktari, nipo tayari pia, kwa nauli yangu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Kaka wa mgonjwa
(jina kamili na namba ya faili vimo kwenye nakala iliyowasilishwa masijala)

Nakala: Mbunge wa jimbo letu.
Nakala: Familia za wagonjwa tuliokutana nao wodini, walioomba kuisoma.